VTEC si turbo, na VVT-i si VTEC

VTEC ni utaratibu wa Honda unaoiwezesha injini moja kutumia nundu mbili tofauti za kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu (milango ya hewa na moshi): fupi mizunguko ya injini ikiwa michache, ndefu mizunguko ikipanda. Hiyo ndiyo maana yake yote. Lakini kuanzia gereji za Nakuru hadi Kondele ya Kisumu, jina hili limekuwa sifa ya gari lolote lenye ekzosi ya kelele. Utasikia Premio ya Toyota ina VTEC. Subaru ina VTEC. Wiki iliyopita nimesikia kijana akisifiwa Fielder yake, nayo ni Toyota, kwamba "VTEC inaingia kama turbo", na watu wazima wakaitikia kwa vichwa.

Tuanze na hilo la turbo, maana ndilo linalowatoa watu pesa.

Turbo ni pampu. Moshi unaotoka unazungusha feni, feni hiyo inazungusha nyingine upande wa pili, na hii ya pili inaishindilia hewa ndani ya silinda kupita kiasi ambacho injini ingevuta yenyewe. VTEC haishindilii chochote. Inaachia valvu zifunguke zaidi na kwa muda mrefu zaidi, kisha pistoni inavuta hewa ile ile iliyopo nje. Mmoja anapanua mlango, mwingine anasukuma watu waingie.

Kwa sisi wa huku juu, tofauti hii si ya vitabuni. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa takriban moja ya tano. Injini inayojivutia hewa yenyewe inapoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho, iwe na VTEC au isiwe nayo. Kisumu, kwenye mita kama 1,130, inapumua vizuri kidogo. Ukipandisha Salgaa kuelekea Mau Summit ukiona Honda imelegea, usiilaumu VTEC. Haikuahidi kutengeneza hewa. Turbo ndiyo inayoweza kufidia upungufu huo. Na ndiyo, zinaweza kukaa injini moja: Honda Civic Type R ya kuanzia 2015 inazo zote mbili. Kukaa pamoja hakuzifanyi kitu kimoja.

Sasa, nguvu inatoka wapi kama hakuna pampu? Chukua B16A, injini ya lita 1.6 iliyoileta VTEC barabarani mwaka 1989 ndani ya Integra. Ilitoa nguvu-farasi 160 ikiwa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Toyota 4A-FE ya ukubwa ule ule, ambayo wengi wetu tumepanda ndani ya Corolla, ilitoa 115 kwenye 6,000. Ukitazama nguvu ya kusokota, zinakaribiana mno: Honda kama Nm 150, Toyota kama 147. Yaani kila mzunguko mmoja unafanya kazi ile ile. Honda inaendelea tu kuifanya pale mwenzake alipokwisha kukosa pumzi. Honda S2000 ya 1999 ilisukuma wazo hili hadi mizunguko 9,000, lita mbili, silinda nne, bila turbo.

Kinachofanyika ndani ni hivi. Katika injini hizo za kamshafti mbili, kila jozi ya valvu ina roka tatu, mikono midogo inayosukumwa na nundu. Mbili za pembeni zinafuata nundu fupi, ya katikati inafuata nundu ndefu lakini inacheza bure. Mizunguko ikikaribia 5,500, kompyuta inafungua solenoidi (valvu ndogo ya umeme inayopitisha oili), presha ya oili inasukuma pini ndogo, na roka zote tatu zinafungwa pamoja zifuate ile nundu kubwa. Mngurumo unaobadilika ghafla ni hewa nyingi inayovutwa. Hakuna kitu "kilichowaka".

VVT-i ya Toyota ni jambo jingine. Hiyo inaizungusha kamshafti kidogo mbele au nyuma, ili valvu zifunguke mapema au zichelewe. Nundu ni ile ile, na valvu inafunguka kimo kile kile. Toyota iliyobadilisha kimo pia ilikuwa na herufi ya ziada, VVTL-i, kama ile injini ya 2ZZ-GE ya Celica, na hiyo L ndiyo yenye habari. Fielder ya kijana wetu haina L.

Rudi kwenye ile presha ya oili, kwa sababu matunzo yote ya injini hizi yananing'inia hapo. Oili ikipungua, au ikigeuka tope, pini hazisogei vizuri na kompyuta inakataa kubadilisha. Taa ya injini inawaka, gari linagoma kupanda mizunguko, na mwenye gari anauziwa solenoidi. Pima oili kwanza. Injini inayokimbizwa juu hunywa oili kidogo, kwa hiyo kijiti kichomolewe kila mara unapojaza mafuta, si wakati wa sevisi tu. Kisha fungua solenoidi yenyewe utazame kichujio chake cha wavu, kilichoshikana na gasketi. Mara nyingi uchafu uko hapo, na gasketi ni ya bei rahisi kuliko solenoidi. Weka oili ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Ile nzito ya kuziba moshi inachelewesha kila kitu.

Tapeti za B16A, yaani nafasi ndogo kati ya nundu na roka, zinarekebishwa kwa mkono, injini ikiwa baridi: kama milimita 0.15 hadi 0.19 upande wa kuingiza, 0.17 hadi 0.21 upande wa kutoa. Fundi anayezipima injini ikiwa imetoka barabarani anapima kitu kingine. Taimingi belti, mkanda unaozungusha kamshafti, nayo isisubiriwe ilie; ikikatika, pistoni zinagonga valvu. K20, injini nyingine ya Honda, na ile ya S2000 zinatumia cheni.

Basi mtu akikulalamikia kwamba VTEC yake imekufa, kwamba kutoka Kondele hadi mjini haisikiki kabisa, usimpeleke kwa muuza spea. Muulize kwa upole mshale wa mizunguko ulifika wapi. Akisema 3,000, mwambie haijafa, bado haijaitwa. Na ikiwa gari lenyewe ni Fielder, mwambie hilo pia.