Jesse Owens hakukimbia kwenye uwanja wenye jina lake

Nimekulia kambi ya polisi hapa Kampala, ambako Kiswahili ni lugha ya paredi na ya foleni ya maji bombani. Kambini jina la John Akii-Bua, mkimbiaji wa viunzi wa Uganda, halikauki midomoni, maana alikuwa askari mwenzetu. Likitajwa, hukawii kusikia habari za Jesse Owens, mwanariadha wa Marekani wa mbio na kuruka umbali, na uwanja wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, uliopewa jina lake. Nyingi si za kweli, na zinaniuma kwa kuwa zinampunguzia mtu jasho lake.

Eti rekodi zake aliziweka pale. Uwanja ulifunguliwa 2001, naye alifariki 1980. Hata siku yake kubwa, Mei 25, 1935, alikuwa Ann Arbor, jimbo la Michigan, mgongo ukimuuma kwa kuanguka kwenye ngazi siku chache kabla. Kwa dakika 45 hivi alivunja rekodi tatu za dunia na kuifikia nyingine moja. Kuruka umbali aliruka mara moja tu: mita 8.13. Rekodi hiyo ilidumu miaka 25.

Wala uwanja wa Owens si ule wa chuo hichohicho wa watu laki moja unaoonekana kwenye runinga. Ule ni wa kandanda ya Kimarekani. Huu wa Owens unachukua watu kama 10,000.

Inayonikera zaidi ni hii ya kwamba chuo kilimlea. Owens hakuwa na ufadhili wa masomo. Kwa kuwa alikuwa mweusi, hakuruhusiwa kulala kwenye mabweni ya chuo, na ili apate karo na chakula alifanya vibarua, kikiwemo cha kuendesha lifti ya mizigo katika jengo la serikali ya jimbo. Mwanafunzi anayerudi hoi kutoka kazini, kisha anavaa viatu vya mbio! Shahada ya heshima chuo kilimpa 1972.

Mwaka huohuo Akii-Bua alikuwa kwenye Olimpiki ya Munich, Ujerumani, kwa fainali ya mita 400 kuruka viunzi, akapangwa njia ya kwanza. Hapa ndipo vijana wetu wanapokosea: wanadai njia ya ndani ni fupi, kwa hiyo alibebwa. Sivyo. Kila mkimbiaji huanzia mahali tofauti ili wote wakimbie mita 400 kamili, na kona ya njia ya kwanza ndiyo kali kuliko zote. Inamvuta mwenye miguu mirefu, inamharibia hatua kabla ya kiunzi. Akii-Bua alikuwa amejizoeza kuruka kwa mguu wowote, kulia au kushoto, na mazoezini alivaa fulana iliyotiwa vyuma.

Alimaliza kwa sekunde 47.82, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 48. Kisha akaendelea kuzunguka uwanja, akiruka viunzi kwa furaha.