Rozela haiongezi damu, hata iwe nyekundu vipi

Wiki iliyopita bibi mmoja kaniletea mjukuu wake wa miezi 14 hapa Chake Chake, Pemba, viganja vyeupe hadi kwenye mistari. Kipimo cha damu kikasoma 7.8, yaani damu pungufu. "Mbona rozela nampa kila siku, mwanangu?" akaniuliza, na chupa akaitoa mkobani. Chupa hiyo ilikuwa ya nne kuoneshwa wiki hiyo, kwa hiyo mnisamehe nikipandisha sauti kuyajibu haya ninayoambiwa.

"Juisi nyekundu huongeza damu." Wekundu wa damu ni wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni, na himoglobini haijengwi bila chuma. Wekundu wa rozela ni rangi ya ua tu. Kama rangi ingekuwa damu, tungewafunika watoto kanga nyekundu tukamaliza kazi. Bitiruti je? Gramu 100 zina chuma kisichofika miligramu 1, na mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji kama miligramu 11 kwa siku. Piga hesabu: zaidi ya kilo nzima, na bado chuma cha mimea mwili hukifyonza kidogo. Nasi tunaichuja, tunaijaza sukari, mtoto anashiba maji matamu kisha chakula hataki. Mama mmoja alifurahi kuona mkojo wa mwanawe umekuwa mwekundu, akadhani damu imejaa hadi inamwagika. Ilikuwa rangi ya bitiruti, inapita njia.

Mjukuu yule alikosa maini na dagaa. Kipande kidogo cha maini kilichopondwa. Dagaa waliotwangwa wakawa unga, wakatiwa kwenye uji. Chukuchuku yenye mnofu wa samaki, maana mchuzi mtupu si chakula. Mchicha nao usichukiwe, ila ukamulie ndimu, chuma chake kifyonzwe vizuri. Na ile chai ya rangi ya asubuhi na andazi iondoeni, chai hukizuia chuma. Hapa huwa nagombana na mabibi, na mara nyingi wananishinda.

"Basi nitanunua dawa ya damu dukani, haina madhara." Watu wa Pemba ndio wa mwisho kusema hivyo. Utafiti uliochapishwa 2006 ulifanywa hapa hapa, kwa watoto zaidi ya 24,000. Waliopewa chuma na asidi ya foliki bila kupimwa kwanza, waliolazwa au kufariki walizidi kwa asilimia 12 kuliko wasiopewa, na malaria ilihusika. Chuma kikasimamishwa. Waliokuwa na upungufu kweli, wakafuatiliwa na kutibiwa malaria, walinufaika. Malaria ya leo imepungua kuliko ya wakati ule, lakini kupima kwanza kunabaki pale pale.

"Vitamini A alipewa mwaka jana, inatosha." Haitoshi. Ni kila baada ya miezi 6, tangu miezi 6 hadi miaka 5, kwa sababu akiba iliyo kwenye ini huisha. Kidonge cha buluu ni cha aliye chini ya mwaka, chekundu cha aliyetimiza mwaka. Na hapana, hicho chekundu si cha damu.

"Mtoto mnene hakosi vitamini." Anakosa. Uji wa muhogo na sukari hunenepesha vizuri tu.

Mkishaandikiwa dawa ya chuma, choo cha mtoto kitakuwa cheusi. Ni chuma kilichobaki. Msiiache dawa, wala msinipigie simu saa sita ya usiku.