Leseni huria ni nini, na hataza inaingia wapi

Fundi wa Kamalondo, Lubumbashi, anaandikia depo ya usafirishaji programu ya malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia: inapokea uzito kutoka kwenye mzani, inapanga safari, inatoa fakture. Sehemu kubwa ya msimbo, yaani maandishi ya programu, ameichota kwenye intaneti, mahali palipoandikwa "huria". Ni vizuri ajue amepewa nini hasa.

Amepewa ruhusa tu. Umiliki umebaki kwa mwandishi. Msimbo ni maandishi, na maandishi yana mwenyewe tangu yanapoandikwa, hata kama hakuyapeleka kwenye ofisi yoyote. Kongo ya Kinshasa imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa haki za waandishi, na haki za mwandishi nchini zinaongozwa na Amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Kwa hiyo msimbo uliowekwa hadharani bila leseni yoyote hauko huria. Utausoma upendavyo, ila kuutia ndani ya kazi yako na kuiuza ni kuingilia haki ya mtu. Wengi huona kimya cha mwandishi wakadhani ni ruhusa.

Leseni huria ni hati ambayo mwenye msimbo anaruhusu mambo manne: kuutumia kwa kazi yoyote, kuusoma na kuurekebisha, kuugawa, na kugawa hata toleo ulilolirekebisha. Kuuza kumo. Kwa hili Kiswahili kinatusaidia, maana huria na bure ni maneno mawili, kama vile Kifaransa kinavyotenga "libre" na "gratuit".

Masharti ndiyo yanayotofautiana. Leseni za MIT na BSD zinataka kidogo: jina la mwandishi na maandishi ya leseni yabaki ndani ya nakala. Leseni ya GPL ya Free Software Foundation, shirika lililoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1985, inadai zaidi. Ukigawa programu iliyojengwa juu ya msimbo wa GPL, anayeipokea lazima aweze kupata msimbo chanzo wote (msimbo ambao mtu anaweza kuusoma na kuurekebisha), chini ya GPL hiyohiyo. Toleo la 2 ni la 1991, nalo ndilo linaloongoza kiini cha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Toleo la 3 ni la 2007.

Neno la kushika hapo ni "ukigawa". Depo ikijiandikia programu kwa matumizi yake ya ndani, haidaiwi kitu. Fundi akimwekea mteja programu kwenye ordinatere zake, amegawa: anadaiwa na mteja huyo msimbo chanzo, wala halazimiki kuutangazia mji mzima (ingawa mteja naye akitaka kuusambaza, hazuiliki). Programu ikikaa kwenye seva ya fundi, mteja akiifungua kwa kivinjari tu, GPL hainyanyui kidole. AGPL, leseni dada ya GPL, nayo ya 2007, iliandikwa kuziba tundu hilo.

Mchanganyiko wa leseni ndio unaoharibu kazi nyingi. Msimbo wa Apache 2.0, leseni nyingine huria, hauwezi kuunganishwa na msimbo ulio chini ya GPL toleo la 2 pekee, lakini toleo la 3 linaupokea. Basi soma faili la LICENSE la kila kipande kabla ya kukitumia, siyo siku ya kukabidhi. Aliyevunja GPL toleo la 3 kwa mara ya kwanza, akarekebisha ndani ya siku 30 tangu mwenye haki amjulishe, anarudishiwa ruhusa yake. Toleo la 2 halina huruma hiyo.

Katika mradi wa watu wengi, kila mchangiaji hubaki na haki juu ya mistari yake, isipokuwa wamepatana vingine. Watu wa VLC, programu ya kuchezea video, walipotaka kuhamisha injini yake kutoka GPL kwenda LGPL, iliyo nyepesi zaidi kwa masharti, mwaka 2011, ilibidi wawatafute waandishi kuomba idhini. Chagua leseni siku ya kwanza, weka LICENSE kwenye folda kuu, na juu ya kila faili andika mstari wa kutambulisha leseni, kama huu: SPDX-License-Identifier: GPL-3.0-or-later.

Sasa hataza, ambayo wanasheria wetu huiita breve. Haki ya mwandishi inalinda maandishi. Hataza inalinda njia ya kufanya jambo, kwa kawaida miaka 20. Unaweza kuandika kila herufi mwenyewe, bila kuona kazi ya mwingine, na bado ukashtakiwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa picha za GIF. Mbinu yake ya kubana data, LZW, ilikuwa na hataza ya kampuni ya Unisys, na mwishoni mwa 1994 watengenezaji wa programu wakaambiwa walipe. Hasira hiyo ikazaa PNG, aina nyingine ya faili za picha. Hataza ya Marekani iliisha Juni 2003.

Watetezi wanasema ugunduzi unagharimu, na hataza humlazimisha mgunduzi kueleza siri yake hadharani. Hoja ina uzito kwa dawa. Kwa programu ni dhaifu: programu moja hubeba mamia ya mbinu ndogondogo, na fundi mdogo hana uwezo wa kuzichunguza zote. Tarehe 6 Julai 2005 Bunge la Ulaya lilikataa mswada wa hataza za programu kwa kura 648 dhidi ya 14. Mwaka 2014, katika kesi ya kampuni ya Alice, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema wazo la jumla haligeuki ugunduzi kwa kuendeshwa na kompyuta tu. Hataza za programu hazikufa huko, ila nyingi zimekuwa rahisi kupinga.

Leseni nazo zilijikinga. Apache 2.0 na GPL toleo la 3 zinamfanya mchangiaji atoe pia ruhusa ya hataza zake zinazohusu mchango wake. Chini ya Apache, ukimshtaki mtu kwa hataza juu ya programu hiyo, ruhusa ya hataza uliyopewa inakoma. MIT haitaji hataza hata kwa neno. Hata hivyo hakuna leseni inayokukinga na mtu wa nje ambaye hakuchangia chochote.

Halafu kuna mpaka. Kongo haimo katika OAPI ya Yaoundé wala ARIPO ya Harare, mashirika mawili ya Afrika yanayotoa hataza kwa niaba ya nchi wanachama. Hataza zake zinafuata Sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982. Zambia imo ARIPO. Fundi wetu akianza kuwauzia wasafirishaji wa Kitwe au Ndola, masharti ya GPL yatavuka naye Kasumbalesa yakiwa yaleyale, lakini upande wa pili itabidi aulize upya ni hataza zipi zina nguvu huko.