Kichina ambacho hata Wachina hawakisomi

Mtu akishindwa kuelewa jambo husema, "Hicho kwangu ni Kichina." Xu Bing, msanii aliyezaliwa Chongqing mwaka 1955, alitengeneza kitabu ambacho ni Kichina hata kwa Wachina wenyewe. Ndiyo maana anasingiziwa mengi.

"Ukijua Kichina utakisoma." Hukisomi. *Tianshu*, yaani Kitabu kutoka Mbinguni, kilionyeshwa Beijing mwaka 1988. Kina herufi zaidi ya 4,000, na zote kazibuni mwenyewe. Profesa wa huko na mgeni asiyejua hata kusalimia kwa Kichina wanakikodolea macho sawasawa.

"Basi ni michoro ya ovyo." Hapa ndipo wengi wanapomwonea. Herufi ya Kichina hujengwa kwa vipande: hiki hudokeza maji, kile mti, kingine mdomo. Xu Bing alivichukua vipande hivyo hivyo, akaviunganisha kwa namna isiyo kwenye kamusi yoyote. Kisha akachonga kila herufi kwenye kijiti chake cha mbao, tena kinyume, ili ikigongwa kwenye karatasi itoke sawa. Kazi ya miaka. Kurasa zikashonwa kwa uzi kama vitabu vya kale. Mtu wa mzaha hachongi vijiti elfu nne.

Hata wazo lenyewe halikuanguka toka hewani. Alipokuwa mtoto serikali ilikuwa inarahisisha maandishi, kwa hiyo herufi alizojifunza zilibadilishwa akiwa bado anazikariri. Yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, msako wa Mao dhidi ya mambo ya kale na walioshukiwa kumpinga: baba yake, mtu wa Chuo Kikuu cha Peking, akaandamwa, na Xu Bing, kijana mwenye mwandiko mzuri, akawa anaandika mabango ya propaganda. Aliyekulia hapo ana haki ya kuyatilia shaka maneno.

"Alihamia Marekani, akaipa China kisogo." Alihamia kweli, mwaka 1990. Mwaka 2008 akarudi Beijing kuwa naibu mkuu wa chuo cha sanaa alichosomea.

"Kazi zake zote hazisomeki." Marekani alibuni mwandiko unaopanga herufi za neno la Kiingereza ndani ya mraba. Kwa mbali utaapa ni Kichina. Sogea, inamisha kichwa kidogo, na neno linajitokeza. Safari hii Mchina asiyejua Kiingereza ndiye anayebaki nje. Baadaye akatunga hadithi nzima kwa alama tupu, kama zile za viwanja vya ndege na za simu, isomwe na yeyote.

"Sisi Waafrika hatumo." Tumo. Aliwafundisha watoto wa maeneo ya Mlima Kenya kuchora miti kwa kutumia maumbo ya herufi. Michoro yao ikauzwa kwa intaneti, na fedha zikaenda kupanda miti Kenya. Yeye akainakili miti hiyo kwa brashi kwenye mandhari moja kubwa ya msitu. Mtazamaji ataiona ni picha ya Kichina ya zamani, kumbe miti yenyewe imetoka kwenye daftari za watoto wa Kenya.