Adapta na konveta ni vitu viwili

Adapta hubadilisha umbo la tundu. Konveta hubadilisha kile kinachopita ndani ya waya. Maana ni hiyo tu, lakini kila kidude chenye tundu huku na huku siku hizi kinaitwa adapta, na anayetaka kuunganisha deki yake ya zamani na televisheni mpya anaambiwa "nunua adapta", basi. Anatoa pesa, anachomeka, picha haiji.

Adapta halisi ipo. Televisheni nyingi mpya zina tundu moja dogo la milimita 3.5 mahali pa yale matatu ya njano, nyeupe na nyekundu. Kile kiwaya kifupi cha kuingizia plagi za rangi ni adapta kamili, kwa sababu kinachoingia ndicho kinachotoka. Hata hivyo mpangilio wa pini haufanani kwa watengenezaji wote, hivyo kiwaya cha televisheni nyingine huweza kuingia barabara na bado kikaharibu picha au sauti.

HDMI, lile tundu bapa la picha na sauti kwenye televisheni mpya, ni habari nyingine kabisa. Tangu ilipotoka mwaka 2002 hubeba tarakimu, yaani picha na sauti zilizoandikwa kwa namba. Deki ya kanda hutoa analojia, yaani volteji inayopanda na kushuka. Shaba peke yake haiwezi kuigeuza volteji hiyo kuwa tarakimu. Lazima iwepo chipu ya kuipima na kuiandika upya, na chipu inataka umeme. Ndiyo maana visanduku hivi mara nyingi huwa na tundu la USB la volti 5. Ule waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na plagi tatu za rangi upande wa pili, usio na chipu popote, hautakuletea picha hata ukiuchomeka mara mia. Inasikitisha kwamba bado unauzwa.

Tena konveta ina mwelekeo. Iliyoandikwa AV2HDMI (AV ni zile plagi za rangi) hutoa kwenye deki kupeleka kwenye televisheni mpya. HDMI2AV hufanya kinyume. Kwa sura ni mapacha, ila moja haifanyi kazi ya mwenzake.

Kwenye sauti, kosa hugeuka. Mwenye amplifaya ya zamani huambiwa anunue konveta kabla hata hajatazama nyuma ya amplifaya yake. Tundu la optiki, linalopitisha sauti ya tarakimu kwa mwanga, lipo tangu 1983, na kama analo, waya wa optiki unamtosha. Akiwa na matundu mekundu na meupe tu, hapo ndipo anahitaji konveta ya kugeuza tarakimu kuwa analojia, na kwenye menyu ya sauti ya televisheni achague PCM, yaani sauti ya tarakimu isiyobanwa, kwani konveta nyingi ndogo haziwezi kufungua sauti iliyobanwa ya Dolby Digital.

Kwa hiyo ukiulizwa "ninunue adapta gani?", tafadhali uliza kwanza kifaa kinatoa nini na televisheni inapokea nini. Vikiwa vya aina moja, jibu adapta. Vikitofautiana, sema konveta, na utaje inaelekea wapi.