Watu wa Pompeii Hawakugeuzwa Mawe

Nimeongoza wageni katika magofu ya Pompeii, mji wa Warumi uliofunikwa na majivu ya volkano kusini mwa Italia, kwa muda wa kutosha kulijua swali la kwanza la mgeni anayezungumza Kiswahili kabla hajafungua kinywa. Awe ametoka Dar es Salaam, Nairobi au Muscat, au awe anaishi Ulaya na amewaleta wazazi waliokuja kumtembelea, tukishasalimiana tu kwenye lango la Porta Marina huniuliza: "Wako wapi wale waliogeuzwa mawe?" Wiki iliyopita nililisikia swali hilo kutoka kwa familia tatu tofauti, na katika familia ya tatu mzee mmoja alinionyesha picha aliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, yenye maelezo kwamba mji huu ndio Sodoma na kwamba wakazi wake waligeuzwa mawe kwa dakika moja wakiwa katika maasi yao. Nilimjibu kwa heshima inayomstahili mzee, lakini jibu lenyewe ni refu kuliko dakika kumi za kusimama juani, kwa hiyo ninaliandika hapa lote, na baada yake ninajibu dhana nyingine ninazozisikia kwa wageni.

"Ni watu waliogeuzwa mawe"

Maumbo yale ya kijivu ambayo wageni huyaona nyuma ya vioo si mawe, wala si sanamu zilizochongwa. Ni jasi, ile ile anayofungwa mtu aliyevunjika mkono hospitalini, na ilimiminwa na mafundi karibu miaka 1,800 baada ya watu wale kufa. Aliyeikamilisha njia hiyo ni Giuseppe Fiorelli, msimamizi wa uchimbaji wa Pompeii, mnamo Februari 1863. Majivu laini ya volkano yalikuwa yameufunika mwili na kugandamana kuuzunguka kabla haujaoza. Nyama na nguo zilipooza, pakabaki uwazi wenye umbo kamili la mtu, na mifupa yake imelala ndani. Mchimbaji akigonga na kusikia mlio wa kitu kitupu, husimamisha sururu, hufungua tundu dogo, humimina jasi nyepesi kama uji, huiacha igande, kisha huyaondoa majivu ya nje taratibu kwa vifaa vidogo. Kinachotokea ni umbo lililotengenezwa kwa kalibu ya majivu, na ndani ya jasi mnabaki mifupa halisi ya binadamu.

Mgeni anayetaka kuthibitisha hahitaji kuniamini mimi. Anahitaji kusogea karibu. Nikiwa na familia moja tu badala ya kundi la watu hamsini, ninaweza kuwasimamisha mbele ya umbo moja kwa robo saa nzima, na hilo ndilo jambo la thamani zaidi katika ziara ya faragha. Wanaona mikunjo ya nguo iliyokusanyika kiunoni, wanaona mahali ambapo jasi ilikuwa nyembamba na mfupa wa paji la uso umejitokeza, na mara nyingi wanaona meno. Watoto ndio huyaona meno kwanza. Baada ya hapo hakuna anayeniambia tena kuhusu mawe, na hakuna anayeniomba nimpige picha akiwa amesimama kwa kuigiza mkao wa maiti, jambo ambalo silikubali hata nikilipwa mara mbili.

Njia hiyo hiyo ya jasi imetumika kwa vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuvitungia hadithi ya adhabu. Mwaka 1874 ilitoa umbo la mbwa aliyekuwa amefungwa mnyororo, akijipinda kwa kuhangaika. Imetoa milango ya mbao na vitanda. Karibu na uwanja wa michezo, wataalamu walijaza matundu yaliyoachwa na mizizi, wakagundua kwamba mahali palipodhaniwa kuwa soko la ng'ombe palikuwa shamba la mizabibu lenye mistari iliyonyooka, na leo mizabibu imepandwa tena pale pale. Kama jasi ni ushahidi wa kugeuzwa jiwe, basi mizizi nayo ilikuwa na dhambi.

Hilo la "dakika moja" linanisumbua zaidi kuliko la mawe, kwa sababu linaufuta mkasa wenyewe. Mlima Vesuvius ulilipuka mwaka 79 baada ya Kristo, muda mfupi baada ya adhuhuri. Plinius Mdogo, kijana wa miaka 17 wakati huo, aliutazama mlipuko kutoka Misenum, ng'ambo ya ghuba, na baadaye alimwandikia mwanahistoria Tacitus barua mbili ambazo tunazo hadi leo. Alilifananisha wingu na mti wa msonobari wenye shina refu na matawi yaliyotandazika juu. Alasiri yote na usiku kucha mji ulinyeshewa vijiwe vyepesi vyenye vitundu, vilivyorundikana hadi karibu mita 3 na kuangusha mapaa. Mawimbi ya gesi na majivu ya moto, yaliyowaua waliokuwa bado mjini, yalifika asubuhi ya siku ya pili. Kati ya mwanzo na mwisho palikuwa na saa nyingi za kuamua: kuondoka au kubaki, kumbeba bibi au kumsubiri, kurudi kuchukua fedha au kuziacha. Wanaakiolojia wengi wanakadiria kwamba mji ulikuwa na wakazi kati ya 10,000 na 20,000, na mabaki ya watu yaliyopatikana ni zaidi kidogo ya elfu moja. Hata tukikumbuka kwamba theluthi moja ya mji haijachimbwa, na kwamba wengine walifia njiani nje ya kuta, ni dhahiri kwamba watu wengi walitoka. Wanaodai kwamba mji mzima uliganda kwa kufumba na kufumbua wanawanyang'anya watu wale mbio zao.

Saa zile ndizo zinazoeleza pia kwa nini maumbo ya jasi ni takriban mia moja tu. Waliokufa mchana na usiku chini ya mapaa yaliyoanguka walifunikwa na vijiwe vilivyolegea, ambavyo haviwezi kushika umbo la mwili. Kwao tunapata mifupa peke yake. Waliokufa asubuhi katika majivu laini ndio waliobaki na umbo. Mkao wao nao husomwa vibaya. Mikono iliyokunjwa na ngumi zilizofumbwa hutokana na joto kali linalokaza misuli, na hutokea kwa mwili wowote uliokumbwa na joto la namna hiyo. Kwa hiyo sikubali mgeni anaponiambia "huyu alikuwa anapigana" au "huyu alikuwa anaomba toba". Hata wataalamu wamekosea hapa. Katika nyumba inayoitwa ya Bangili ya Dhahabu kuna umbo la mtu mzima aliyempakata mtoto, na kwa miaka mingi sisi waongoza watalii, mimi nikiwamo, tulilieleza kuwa ni mama na mwanawe. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mtu mzima yule alikuwa mwanamume na kwamba hakuwa na undugu wa damu na mtoto yule. Tangu hapo ninasema tu kwamba mtu mmoja alikufa akiwa amempakata mtoto asiyekuwa wake, na ninawaachia wageni wanyamaze.

Sasa nije kwenye Sodoma, kwa kuwa najua ndiyo mzizi wa yote. Simfundishi mtu dini yake, lakini ninamwomba akisome kitabu chake. Katika Biblia, Sodoma na Gomora zilinyeshewa moto na kiberiti, na aliyegeuka ni mke wa Lutu, tena akawa nguzo ya chumvi, akiwa njiani nje ya mji. Katika Kurani, kaumu ya Lut walipinduliwa mji wao na kunyeshewa mawe ya udongo wa kuchomwa. Waliteremshiwa mawe, hawakufanywa mawe. Hakuna kitabu kati ya hivyo viwili kinachosema kwamba wakazi waligeuzwa mawe, na mapokeo yote huiweka miji ile upande wa Bahari ya Chumvi, mbali sana na Italia na karne nyingi kabla ya Warumi. Ni kweli kwamba kwenye ukuta wa nyumba moja ya Pompeii yalikutwa maneno "Sodoma Gomora" yaliyoandikwa kwa mkaa. Wanaoyatumia kama ushahidi hawajatafakari: mkono ulioyaandika ulikuwa ukiufananisha mji huu na mwingine uliosimuliwa zamani, na mtu hafananishi kitu na kitu hicho hicho.

Ushahidi mwingine ninaoletewa ni zile alama za uume zilizochongwa kwenye kuta, na moja kwenye mawe ya barabarani, ambayo waongozaji wa vichochoroni hupenda kusema kwamba ilielekeza wateja kwenye danguro. Kwa Warumi alama ile ilikuwa kinga dhidi ya kijicho. Iliwekwa mlangoni, juu ya tanuri la mkate, na hata shingoni mwa mtoto. Msomaji aliyekulia mahali ambapo mtoto mchanga hufungwa hirizi au kupakwa wanja usoni ili asipigwe jicho hahitaji maelezo zaidi. Danguro lililojengwa mahususi kwa kazi hiyo na kutambuliwa bila ubishi ni moja, lenye vyumba kumi vidogo. Matanuri ya mikate yaliyochimbuliwa ni zaidi ya 30. Katika tanuri la mwoka mikate mmoja ilikutwa mikate 81 iliyoungua, ikiwa na umbo lake la duara na michoro ya kuigawanya. Kila mtaa una vibanda vya chakula vyenye kaunta ya mawe na mitungi iliyozamishwa ndani yake, na nikivieleza kuwa ni mama ntilie wa wakati ule, wageni wangu huelewa papo hapo. Mji uliokufa siku ile ulikuwa ukifanya kazi, tena ukijikarabati, kwa sababu tetemeko kubwa la miaka takriban 17 kabla lilikuwa limeubomoa, na baadhi ya nyumba zimekutwa na milundo ya vifaa vya ujenzi ambavyo fundi hakurudi kuvitumia.

Kwa sababu hii nina desturi moja nisiyoibadilisha kwa mgeni yeyote: maumbo ya jasi ni ya mwisho. Tunaingia Porta Marina, tunapita uwanja wa mikutano, bafu, tanuri la mikate na barabara ya Via dell'Abbondanza, na tunamalizia katika Bustani ya Wakimbizi, ambako watu 13, wakubwa kwa wadogo, wamelala walipoangukia. Anayeanza na maiti hauoni mji.

"Mlipuko ulitokea Agosti 24"

Ndivyo vitabu vilivyosema kwa muda mrefu, kwa kufuata nakala za barua ya Plinius. Lakini mwaka 2018 yalitangazwa maandishi ya mkaa ukutani, katika nyumba iliyokuwa ikikarabatiwa, yenye tarehe inayolingana na Oktoba 17. Mkaa haudumu miaka ukutani, na komamanga na mvinyo mpya uliokwisha kufungiwa kwenye mitungi vilikuwa vimeashiria msimu wa vuli tangu zamani. Mimi nasema Oktoba.

"Nimelipia mwongozaji binafsi, kwa hiyo sipangi foleni na kila mlango utafunguliwa"

Tangu Novemba 2024 wageni hawazidi 20,000 kwa siku na tiketi huandikwa jina la mwenyewe, kwa hiyo leta kitambulisho kinacholingana nayo. Ukaguzi wa mizigo ni wa kila mtu, na begi kubwa huachwa langoni. Funguo za nyumba ziko kwa wasimamizi wa hifadhi. Nyumba hufungwa na kufunguliwa kwa zamu kulingana na ukarabati, na mwongozaji anayekuahidi wiki tatu kabla kwamba utaingia nyumba fulani anakudanganya. Mwulize pia leseni yake. Uongozaji watalii nchini Italia ni taaluma yenye mtihani, na wale wanaokudaka kituoni kwa bei ya kutupa mara nyingi hawana.

"Saa mbili zinatosha"

Mji una hekta takriban 66, na zilizochimbwa ni kama 44. Kwa saa mbili utaona uwanja wa mikutano na mgongo wa mtu aliyekutangulia. Ninachukua saa nne, na siwachukui wenye ndara: barabara ni za mawe makubwa ya volkano yaliyochimbika kwa magurudumu ya mikokoteni, na vifundo vya miguu huumia hapo kila msimu. Chupa tupu inatosha, kwa kuwa chemchemi kadhaa za mitaani zina maji ya kunywa.

"Vitu vyote vya asili viko hapo hapo"

Picha bora za ukutani na mozaiki maarufu zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Akiolojia la Napoli, na sanamu ndogo ya shaba ya Fauno, mungu wa misitu wa Warumi, anayecheza katika Nyumba ya Fauno ni nakala. Tenga siku ya pili kwa ajili ya makumbusho hayo, hasa kama una watoto wanaopenda kuona vyombo vya jikoni.

"Vomitoria vilikuwa vyumba vya kutapikia"

Ni njia za kutokea uwanja wa michezo, ambazo umati ulimiminika kupitia kwazo. Uwanja wa michezo wa Pompeii, uliojengwa takriban mwaka 70 kabla ya Kristo, ni mkongwe kuliko Colosseum ya Roma kwa karibu miaka 150, na uko mwishoni mwa njia yangu, hatua chache kutoka Bustani ya Wakimbizi.

Jambo la mwisho ni la treni, kwa sababu limenipotezea asubuhi nyingi kuliko dhana zote hizi. Kuna zaidi ya kituo kimoja chenye jina la Pompei. Anayetoka Napoli kwa reli ya Circumvesuviana na anayekutana nami Porta Marina ashuke Pompei Scavi – Villa dei Misteri.