Udhaifu wako si "kupenda kazi kupita kiasi"

Mpwa wangu kanitumia ile PDF ya maswali ya usaili na majibu yake, anataka nimhakikishie kwamba majibu ni sahihi. Si wa kwanza kunitumia. Nimekaa kwenye majopo ya usaili wa maafisa ununuzi na ugavi vya kutosha kuweza kuikariri mwenyewe, maana wasailiwa wananisomea.

Ya vyeti nayapitia haraka. Tangazo la kuitwa kwenye usaili wa kazi za serikali husema wazi: vyeti halisi na kitambulisho, hati za matokeo hazipokelewi. Majina yakitofautiana kwenye vyeti, shughulikia hati ya kubadili jina mapema, si usiku wa kuamkia usaili. Nguo safi iliyopigwa pasi inatosha. Suti ya kuazima inayokubana shingo haina alama.

Sasa hili la kukariri. Tukiuliza udhaifu wako, anaingia mmoja: "Napenda kazi kupita kiasi." Anayefuata naye vivyo hivyo. Wa tatu anaongeza kwamba hapendi kuona kitu kikiwa nusunusu. Watu wanadhani jopo linatafuta jibu zuri. Mbele ya kila mjumbe kuna fomu yenye vigezo, wasailiwa wote wanaulizwa maswali yaleyale, na alama ninayoweka lazima niweze kuitetea kwa wenzangu. Nitaitetea kwa lipi? Nikidodosa, "Lini mara ya mwisho hilo lilikuletea shida kazini?", kimya. PDF haina ukurasa huo.

Anayesema, "Nilikuwa nachelewa kufunga majalada ya wazabuni kwa sababu nilisubiri nyaraka bila kuzifuatilia, sasa naandika orodha ya zinazokosekana siku jalada linapofunguliwa," huyo kanipa cha kuandika. Na amekiri kosa la kweli, ndiyo. Hajapoteza kitu.

Halafu hizo PDF zinazeeka. Bado namsikia mtu akinieleza kwa kujiamini Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Tanzania ya 2011 na TANePS, mfumo wa zamani wa zabuni za serikali mtandaoni. Sheria ni ya 2023, kanuni zake ni za 2024, zabuni zinapita NeST, mfumo uliochukua nafasi ya TANePS. Hapo sihitaji hata kudodosa.

Maandalizi yenyewe hayana siri. Chukua majukumu yaliyoorodheshwa kwenye tangazo la kazi, maana maswali mengi yanatoka hapo, na mbele ya kila jukumu andika kazi uliyowahi kuifanya inayofanana nalo: ulikuta nini, ulifanya nini wewe (si "tulifanya"), ikaishaje. Ya mafunzo kwa vitendo inahesabika. Uliwahi kuhesabu stoo ukakuta upungufu? Hiyo ni mali. Kisha yaseme kwa sauti mbele ya mtu atakayekukatiza, kwa sababu na sisi tutakukatiza.

Sitadai kwamba usaili ni kipimo sahihi sana. Uchambuzi wa mtafiti Sackett na wenzake wa 2022 uliukuta usaili wa maswali ya kupangwa ukiwa na uhusiano wa 0.42 na utendaji kazini (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili), na huo ulikuwa miongoni mwa vipimo bora. Maana yake wazuri tunawakosa, na wengine tunawachukua kwa bahati. Wajumbe wawili tuliosikia jibu moja tunaweza kupishana alama, tukabishana hadi chai ipoe.

Linalonisumbua zaidi ni Kiingereza. Tunamsaili mtu kwa Kiingereza kwa kazi ambayo sehemu kubwa atazungumza na wazabuni kwa Kiswahili, kisha kigezo cha mawasiliano kinampendelea aliyesomeshwa shule za ada. Nimelisema kwenye jopo. Wenzangu wanajibu kwamba mikataba na nyaraka nyingi za zabuni zimeandikwa kwa Kiingereza, na hapo sina la kuwapinga. Kwa sasa namwambia mpwa wangu hivi: swali likikupita, omba lirudiwe. Kwenye fomu yangu hilo halikatwi alama. Ya mjumbe wa pembeni yangu sijui.